Siku Tisa kwa Oda ya Siku Saba

"Saa ishirini na nne ni siku ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, na nililijibu vibaya. Aliyeuliza alikuwa Hakimu Mkazi wa mahakama ndogo kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na cheti changu cha shahada ya historia kilikuwa bado ndani ya bahasha mkononi, kana kwamba kuna mtu angetaka kukiona.

"Siku moja, Mheshimiwa," nilisema.

Hakimu alimtazama Karani Mkuu. Karani Mkuu alitazama dirisha.

"Huyu wa kwanza kwenye orodha alikamatwa lini?"

Nilisoma karatasi. "Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri."

"Na leo?"

"Jumatatu, saa tatu asubuhi."

"Basi nihesabie."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikapata saa sitini na tano na nusu. Nilidhani nimegundua uvunjaji wa sheria siku yangu ya kwanza, na uso ukapata joto. Karani Mkuu, mzee mmoja mpole aliyekuwa na koti moja la kahawia kwa misimu yote, akaniambia polepole tulipotoka nje: "Wewe dada, usikimbie. Sheria iko hivyo."

Na kweli iko hivyo. Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na zisipite saa ishirini na nne. Lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi muda unasogea hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Ukikamatwa Jumanne asubuhi, saa zako ni ishirini na nne. Ukikamatwa Ijumaa alasiri, saa zako zinalala Jumamosi na Jumapili pamoja nawe, na hakuna aliyekosea. Jumatatu ikiwa sikukuu, unangoja Jumanne.

Ninaandika haya nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na saa ya ukutani waliyopewa siku ya kuagwa. Mimi sikupewa saa. Nilifanya ukarani wa mahakama miaka tisa, nikaacha. Lakini makarani wapya bado wananipigia simu kuniuliza mambo, na wengi wao wanaogopa kama nilivyoogopa mimi, kwa hiyo nimeona heri niandike yote mara moja.

Kwanza, kazi yenyewe. Karani wa mahakama ndiye anayeita majina, anayetafsiri, anayefungua faili na kulifunga, anayeandika tarehe. Hakimu akitamka amri kwa Kiingereza, wewe unaigeuza kwa Kiswahili ili aliye kizimbani ajue limempata lipi. Kisha unaandika oda, yaani ile karatasi inayokwenda na polisi kumwambia mkuu wa kituo: mshikilie huyu siku kadhaa, au mwachilie. Bila karatasi hiyo, maneno ya hakimu yanabaki ukumbini.

Katika kituo hicho cha kwanza nilijifunza pia maombi madogo. Mshukiwa ambaye hajafunguliwa mashtaka hana kesi. Polisi wakitaka kuendelea kumshikilia wakichunguza, lazima waombe. Afisa wa uchunguzi anaapa hati ya kiapo akieleza kwa nini, na hakimu anaamua. Kanuni ni kwamba mtu ana haki ya kupata dhamana hata kabla ya kushtakiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Hapo kwenye "sababu nzito" ndipo nilipoanza kuuliza maswali yaliyowachosha watu.

Kwa sababu hati za kiapo zilifanana. Ziliandikwa mara moja na kunakiliwa daima. Mzee mmoja wa Rongai aliyekuwa kwenye shamba lake tangu kabla mimi sijazaliwa aliandikwa "hana makao ya kudumu". Mwanamume mwingine, dereva wa trela aliyekamatwa Salgaa, alidaiwa kuwa huenda akatoroka "pamoja na mumewe". Nilimwonyesha koplo wa mahakama, yule askari anayeleta mahabusu kutoka seli.

"Sasa msomi," akacheka, "si uliambiwa kuna uhuru wa kila mtu?"

"Afande, na mbona wengi wanakamatwa Ijumaa?"

"Kwani Ijumaa watu hawakosi?"

"Wanakosa hata Jumatatu."

"Jumatatu mimi niko hapa na wewe, nimewaletea watu. Nitakamata saa ngapi?"

Sikuwahi kuthibitisha kwamba kulikuwa na mtindo. Nilichojua ni kwamba Jumatatu ukumbi ulijaa hadi watu wakakalia ngazi, na sisi makarani tulishinda tukikimbia na mafaili kifuani. Hakimu yule alikuwa na maswali yake matatu kwa kila afisa aliyeomba siku kumi na nne: "Uchunguzi umeanza wapi? Umefika wapi? Umebakisha nini?" Asiyeweza kujibu alipewa siku mbili, au hakupewa kitu. Nilimpenda kwa hilo. Nilifikiri ukishajua kuuliza, umeshafanya kazi.

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa mahakama ya upande wa ziwani, ambako watu wengi wanaofika ni wafanyakazi wa mashamba ya maua. Hakimu Mkazi wa huko alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo sana, hata mawakili walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Karani Mkuu alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyebakisha miaka mitatu astaafu na ambaye aliita kila mtu "baba" au "mama" kulingana na jinsia, hata watoto.

Huko ndiko nilikokutana na Nekesa.

Aliletwa Jumatano. Alikuwa mpangaji katika mtaa wa Kamere, mfungaji maua kwenye kiwanda cha shamba, na alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Jumapili alikuwa amepika omena, wale dagaa wa ziwani, akamwita jirani yake wa mlango wa pili wale pamoja. Jirani akalala, asubuhi hakuamka. Watu wa ploti, wapangaji wenzao, wakakumbuka kwamba hao wawili waliwahi kugombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Jumanne polisi wakamchukua Nekesa.

Afisa wa uchunguzi alikuwa sajini mmoja mrefu, mwenye kusema maneno machache. Aliomba siku kumi na nne ili daktari afanye uchunguzi wa maiti. Nilisoma hati yake ya kiapo kabla sijaipeleka mezani: "Mshukiwa hana makao ya kudumu." Nekesa alikuwa ameishi chumba kimoja Kamere miaka sita. Nikamtazama sajini kwa dharau ambayo sikujaribu kuificha.

Hakimu akauliza, "Uchunguzi wa maiti utachukua siku ngapi?"

"Daktari hupatikana kwa zamu, Mheshimiwa."

"Siku saba. Itajwe zikiisha."

Nikageuza kwa Kiswahili. Nekesa akaniuliza mimi, si hakimu: "Na mtoto?" Mtoto alikuwa nje na dada yake, Violet. Mtoto mchanga anaweza kuingia na mamake, lakini seli ile ilikuwa ya saruji tupu, na Nekesa mwenyewe akakataa mtoto awekwe humo. Wakapatana na askari wa zamu kwamba Violet amlete mtoto kituoni kunyonya asubuhi na jioni.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaoanza kazi, kwa maana hapa ndipo palipo na mtego. Kesi ya kawaida ina hati ya mashtaka, na faili lake linazunguka lenyewe: kutoka ukumbini linakwenda kwenye daftari la tarehe, kutoka daftari linakwenda kwenye orodha ya siku. Maombi madogo hayana mashtaka, kwa hiyo yalikuwa na rafu yao pembeni. Kwa desturi yetu, karani aliandika tarehe ya kutajwa, yaani siku ya mshukiwa kurudishwa mbele ya hakimu, kwa penseli kwenye jalada, kwa sababu tarehe hubadilika, halafu baadaye akaihamishia kwenye daftari. Jumatano ile niliandika kwa penseli. Kabla sijahamisha nikaitwa kutafsiri kesi ya wizi wa mbuzi iliyochukua alasiri nzima. Faili nikaliweka kwenye rafu.

Oda iliyokwenda kituoni ilisema "siku saba". Haikutaja tarehe. Polisi walizoea kuwaleta wale tu ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha yetu. Sisi tulizoea kuwaita wale tu walioletwa na polisi.

Jumatano iliyofuata ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa, saa nane mchana, nikatoka nje kununua maji nikamkuta Violet kwenye benchi, na mtoto kifuani akilia kilio cha kuchoka, kile kisicho na nguvu.

"Madam," akasema, "mlisema siku saba."

"Ndiyo."

"Leo ni ya tisa. Ama siku za korti ni ndefu?"

Nilirudi ndani mbio, nikavuta faili kutoka rafuni, na hapo kwenye jalada ilikuwepo: Jumatano, kwa mwandiko wangu, kwa penseli.

"Askari wa zamu walibadilishwa," Violet alikuwa amenifuata hadi mlangoni. "Hawa wapya wamekataa mtoto aingie. Ni siku ya nne sasa hajanyonya. Namkorogea maziwa ya dukani, anatapika."

Nikampigia koplo wa mahakama hii, mwenye maneno mengi kama yule wa kwanza. Akaniambia nisimletee hasira, kwani orodha ilitoka kwetu. Nikamwuliza sajini yuko wapi. Akasema sajini alikwenda mafunzo mkoa mwingine tangu Jumanne, na faili limepewa konstebo. Nikampigia konstebo.

"Mimi hii faili nimepewa juzi tu, madam. Ripoti ya daktari sijaiona. Nitamleta Jumatatu na maombi mapya."

"Oda yake iliisha Jumatano."

"Sasa nimwachilie kwa amri ya nani? Aliwekwa na korti, atolewe na korti."

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na hilo lilinitisha zaidi. Mtu alikuwa seli bila karatasi yoyote duniani inayomweka humo, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri ya kutomtoa. Ilikuwa Ijumaa. Hakimu angeondoka saa kumi kwenda likizo. Baada ya hapo ni Jumatatu mbele ya hakimu mgeni, siku kumi na mbili, na mtoto anayetapika.

Nikaenda kwa Karani Mkuu. Alinisikiliza huku akifunga na kufungua kalamu.

"Mama, tulia. Futa hiyo penseli, andika ya leo. Ndiyo sababu tunatumia penseli. Aletwe leo, itajwe leo, imeisha."

"Lakini itaonekana kama siku saba zinaisha leo."

"Na nani atahesabu?"

"Dada yake amehesabu."

"Dada yake hasomi faili." Akashusha sauti. "Mimi nakuambia kama mtoto wangu. Ukienda kwa hakimu na hiyo maneno, barua itaandikwa. Haitakuwa na jina la polisi. Itakuwa na lako."

Nilikaa na kifutio mkononi. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilifikiria kodi ya nyumba, nilimfikiria mamangu Nakuru aliyewaambia majirani wote kwamba binti yake ni mtu wa korti. Nilifuta herufi ya kwanza ya neno Jumatano. Kisha mtoto akalia tena huko nje, nikainuka, nikagonga mlango wa hakimu kabla mawazo hayajanirudia.

Alikuwa ameshavua joho. Nikaweka faili mezani, nikasema yote kwa pumzi moja, hata ile herufi niliyofuta.

"Yuko wapi sasa?" akauliza.

"Seli, Mheshimiwa."

"Kwa oda gani?"

"Hakuna."

Akavaa joho tena. "Piga simu kituoni. Mwambie mkuu wa kituo namtaka huyo mama hapa, na kwamba nimekaa ukumbini kusikiliza."

Nekesa alifika saa kumi na dakika ishirini, amejifunga leso kifuani kwa kukaza, akitembea kama mtu aliyeungua. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi yakaleta homa. Ukumbi ulikuwa mtupu: hakimu, konstebo, koplo, Violet na mimi. Hakimu alitamka kwa Kiingereza, nami nikageuza kwa Kiswahili kama kazi yangu ilivyokuwa.

"Mahakama inasema muda wa kukushikilia uliisha Jumatano. Unaachiliwa kwa dhamana yako mwenyewe, bila fedha wala mdhamini. Utaripoti kituoni kila Jumatatu hadi uambiwe vingine." Hakimu akaongeza sentensi moja, nikaigeuza nayo. "Mahakama inasema kosa la siku mbili hizi ni la masijala, na inaomba radhi."

Nekesa alinitazama. "Masijala ndiyo nani?"

"Ni sisi tunaoweka mafaili."

"Sisi nani?"

"Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Alichukua mtoto kwa Violet, akageukia ukuta, akafungua leso. Mtoto akageuza uso, akamtafuta Violet. Nekesa akamjaribu tena, mtoto akakaza shingo na kulia. Koplo, yule mwenye maneno mengi, akatoka nje. Hakimu aliendelea kuandika kwa muda mrefu kuliko amri ile ilivyohitaji.

Barua ya onyo ilikuja, kama Karani Mkuu alivyosema, ikiwa na jina langu peke yake. Nekesa aliripoti Jumatatu tatu, kisha akaambiwa asirudi tena, kwani jirani yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Kazi ya kufunga maua ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Nikasikia amerudi kwao magharibi. Mimi nikahamishiwa masijala kuu ya Nakuru, kituo changu cha tatu na cha mwisho, ambako hukutani na watu, unakutana na karatasi.

Nilikaa huko miaka minne. Kwa hofu niliyotoka nayo ziwani, nilianzisha desturi ya kuandika tarehe kwa wino, mahali pawili, na ndani ya oda yenyewe, ili mkuu wa kituo naye awe na siku ya kuhesabu. Wengine walinicheka, baadaye wakaiga. Hata hivyo niliamka alfajiri nyingi nikijiuliza kama kuna jina nimeliacha rafuni. Karani mpya akifika, nilimketisha na kumsimulia kisa cha Nekesa. Nilikisimulia vizuri. Kilikuwa na sajini mvivu anayenakili hati za kiapo, Karani Mkuu mwenye kifutio, na karani kijana aliyegonga mlango. Nilikimalizia pale hakimu anapovaa joho mara ya pili, maana hapo wasikilizaji walivuta pumzi.

Sasa nafundisha historia katika shule ya kutwa, na wanafunzi wakiniuliza kwa nini niliacha korti huwaambia nilichoka. Si uongo. Lakini bado nina mambo ya kuwauliza ninyi mlioingia. Sheria imempa mshukiwa haki nyingi, na kila haki ina mwenyewe wa kuitekeleza: afisa aombe, hakimu aamue, mkuu wa kituo afuate. Nani kaandikwa kwamba kazi yake ni kuhesabu siku? Nimetafuta, sijaona. Kwa hiyo kuhesabu kunamwangukia yule aliyeko nje na mtoto. Ninyi hesabuni. Na msiwadharau watu kwa karatasi moja waliyoandika vibaya, kwa sababu wataandika nyingine, na huenda hiyo msiisome.

Mwezi wangu wa mwisho Nakuru, yaliletwa masanduku ya mafaili yaliyofungwa kutoka mahakama za jirani ili tuyapige picha na kuyaingiza kwenye kompyuta. Katika faili la mtu mwingine kabisa, maombi yenye namba inayokaribiana na ile ya Nekesa, nilikuta barua ya ukurasa mmoja ikiwa imebanwa pamoja na ripoti ya daktari. Ilikuwa ya sajini. Alieleza kwamba jirani alikufa kwa moyo, kwamba chakula hakikuwa na kosa, na kwamba kwa kuwa mama huyo anashikiliwa kwa amri ya mahakama na ananyonyesha, anaomba atajwe mara moja ili aachiliwe. Aliiandika Jumatatu, siku ya tano, siku moja kabla ya kwenda mafunzoni. Ilipokewa masijala yetu ya ziwani siku hiyo hiyo asubuhi, na sahihi ya aliyeipokea ni yangu.